Usiuze Kiwanja cha Mama Uende Hispania

    

Wiki hii kona yetu nimeihamishia Kwa Mathias, Kibaha. Kwa msiopajua, unakamata basi pale Mbezi, unaipita Kibamba, unaipita Kiluvya, ukisikia konda anaita “Mathias, Mathias wa kushuka!” basi umefika. Huku hakuna bahari, hakuna ghorofa la kutishia watu, lakini mpira upo. Tena upo kweli kweli. Jioni ikiingia vumbi linapanda mpaka mama lishe wanafunika masufuria.

Na mahali penye vumbi la mpira, hapakosi ndoto ya majuu.

Nina mama mdogo anakaa huku. Anauza vitumbua na chai asubuhi, mchana anauza karanga. Mwanawe wa pili ana miaka 17, winga wa kushoto, mguu wake ukigusa mpira unaweza kudhani una macho. Simsifii kwa kuwa ni ndugu yangu. Mabeki wa mchangani huku wanamjua, na wengine bado wanachechemea.

Basi bwana, dogo kapata “wakala”. Mshikaji kavaa miwani ya jua hata usiku, simu mbili, maneno matamu kama kashata. Kamletea barua kwenye WhatsApp: anaitwa majaribio Hispania, timu ya vijana ya klabu ya Ligi Kuu. Jina la klabu silitaji, maana klabu yenyewe haina kosa, jina lake limeazimwa tu bila kuombwa. Kinachotakiwa ni Sh milioni 4 na nusu: viza, tiketi, na kitu kinaitwa “ada ya majaribio”. Pesa itumwe kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, kabla ya Ijumaa. Ikipita Ijumaa, nafasi anapewa Mghana.

Mama mdogo hana milioni 4 na nusu. Ana kiwanja. Kiwanja chenyewe kakilipia kidogo kidogo kwa hela za kikoba, miaka na miaka, ili ajenge chumba na sebule atoke kwenye nyumba ya kupanga. Nilipofika, dalali alishakuja na futi kamba yake, ameshapima.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba baba. Karibu. Umekuja wakati mzuri, mwenzio anakwenda Ulaya.”

Nikaomba kuiona barua. Dogo kanipa simu, lakini macho yake yalishanisoma.

“Kaka, we hutaki nitoke? Farid Mussa si alikwenda Hispania? Alikwenda vipi?”

Hapo alipouliza “alikwenda vipi” ndipo aliponifungulia mlango. Swali zuri kuliko yote! Vijana wengi tunajua nani alikwenda wapi. Alikwendaje, hatuulizi. Tukaketi kwenye mkeka, nikamweleza, na wewe msomaji nakueleza hivyo hivyo, maana najua mtaani kwako nako yupo mwenye miwani ya usiku.

Farid Mussa Malik ni kijana wa Morogoro, kazaliwa mwaka 1996. Yaani barabara hii hii inayopita Kwa Mathias, ukiifuata bila kukata kona, inakufikisha kwao. Alikulia mpira Azam FC, pale Chamazi, kwenye klabu yenye uwanja wake, yenye timu ya vijana, iliyochukua ubingwa wa Bara msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 2015 Azam wakabeba Kombe la Kagame hapa hapa Dar es Salaam, fainali wakiwalaza Gor Mahia ya Kenya mabao 2-0, na mashindano yote hawakuruhusu wavu wao kutikisika. Farid alikuwemo, akiwa bado dogo wa miaka 19.

Aprili 2016 wakaja Esperance ya Tunisia, Kombe la Shirikisho Afrika. Esperance sio wa kubeza, ni kati ya vigogo wa bara hili. Azam wakashinda 2-1 pale Chamazi, na bao mojawapo la Farid. Kule Tunis wakafungwa 3-0 wakatolewa. Lakini kijana alishaonekana.

Umeona? Mpaka hapo hajaenda popote, lakini kazi imeshafanyika. Kacheza ligi, kacheza Kagame, kacheza na Waarabu. Mtu akitaka kumjua Farid haulizi picha ya WhatsApp, anaangalia mechi.

Ndipo akaenda kufanya majaribio Hispania, klabu ya CD Tenerife. Aliyempeleka ni klabu yake. Mazungumzo yakawa ya Azam na Tenerife, ofisi kwa ofisi, barua kwa barua. Wahispania wakamkubali. Hapa mtaani tukashangilia, tukajua wiki ijayo tunamwona kwenye televisheni akimpiga chenga Sergio Ramos.

Wapi! Hiyo wiki ijayo ilichukua zaidi ya nusu mwaka. Kibali cha kazi. Mei ikapita, Juni ikapita, Julai, Agosti... magazeti yakaandika “Farid kuondoka leo”, yakaandika tena, yakachoka. Kijana alipanda ndege mwaka 2016 ukiwa unaisha, watu wameshaanza kupika za mwaka mpya.

Na huyo ni mtu mwenye klabu mbili zinazomtaka na zinazosaini! Dogo wa Kwa Mathias ameambiwa viza itatoka kwa siku nne. Hapo nikamwangalia, naye akaangalia mkeka.

Sasa tuseme umefika. Tenerife ni kisiwa, kiko Atlantiki, karibu zaidi na Morocco kuliko Madrid. Kina mlima unaitwa Teide, mrefu kuliko yote Hispania, mita 3,715. Usidhani ni timu ya kisiwani ya kuchezea ufukweni. Hao ndio waliomnyima Real Madrid ubingwa siku ya mwisho ya ligi mara mbili mfululizo, 1992 na 1993, kombe likaenda Barcelona. Mwaka 1997 walifika nusu fainali ya Kombe la UEFA. Wakaja kuporomoka, na Farid anafika walikuwa daraja la pili, wanahema kutaka kurudi juu.

Na timu inayohema kupanda daraja haina muda wa kumfundisha mtu kutembea. Januari 2017, wiki chache tu baada ya Farid kutua, Tenerife wakamsajili Mjapani mmoja, Gaku Shibasaki. Ni nani huyo? Desemba 2016 alikuwa ameifunga Real Madrid mabao mawili kwenye fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia akiwa na Kashima Antlers! Wakafungwa 4-2 baada ya muda wa nyongeza, lakini dunia ilishamjua. Huyo ndiye mtu unayegombea naye jezi.

Na sikia maajabu: hata Shibasaki mwenyewe alipofika alipata taabu. Nchi ngeni, lugha ngeni, mwili ukagoma, ikapita zaidi ya mwezi kabla hajagusa nyasi kwenye mechi. Mtu aliyemfunga Real Madrid! Baadaye akazoea, akawa nguzo, Tenerife wakafika fainali ya mchujo wa kupanda daraja Juni 2017, wakatolewa na Getafe. Na Getafe wenyewe wakamchukua Mjapani wao wakaondoka naye.

Farid yeye akapelekwa timu B. Timu B ya Tenerife ilikuwa ikicheza Tercera, daraja la nne kwa mpangilio wa wakati ule. Hakuna kamera, hakuna magazeti. Ni viwanja vya visiwani huko, na mabeki ambao nao wanatafuta riziki, hawajali wewe umetoka Chamazi au umetoka mwezini. Akapiga kazi. Mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2018 akamfuata Mtanzania mwingine, Shaaban Idd Chilunda, naye wa Azam. Huyu alikwenda na moto mkononi: mfungaji bora wa Kombe la Kagame mwaka huo, mabao 8, na Azam walibeba kombe kwa kuifunga Simba 2-1 kwenye fainali. Kwa mkopo wa miaka miwili akaenda Tenerife. Januari 2019 akakopeshwa tena, Izarra ya Navarra, daraja la tatu. Unaona ngazi zilivyo? Mtu wa mabao 8 ya Kagame anapewa chumba cha nyuma, anaambiwa subiri.

Juni 2019 Farid yuko Tenerife, akaitwa Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Mashindano ambayo tulikuwa hatujayagusa tangu 1980! Miaka 39. Kwenye orodha ile ya wachezaji 23 jina lake lilikuwemo.

Halafu mwaka 2020 akarudi nyumbani. Miaka 24. Akasaini Yanga.

Hapa sasa ndipo vijiwe vinapomkaanga. Siku ile ile nilipotoka kwa mama mdogo nikapita kwa wauza kahawa, mjadala ukaenda mbele. Mmoja wa bodaboda akasema, “Farid alifeli. Miaka minne Ulaya, anarudi Jangwani? Bora angebaki hata kuosha vyombo.” Wenzake wakacheka. Mzee muuza kahawa akatikisa kichwa tu, akaendelea kumimina.

Mimi nakataa. Na nakataa kwa sababu, sio kwa ubishi.

Kwanza, tuna ugonjwa mmoja. Maisha ya mchezaji tunayasoma kama tiketi ya basi: umefika au hujafika. Ukifika Ulaya umeshinda, hata kama unalala njaa. Ukirudi umefeli, hata kama unalipwa, unacheza na unaheshimika. Ndiyo maana kijana anaona aibu kurudi, anabaki huko anazamia, miguu inazeeka kwenye ghala la kupanga maboksi. Kosa la nani? La sisi wa kijiweni tuliomwandalia kicheko.

Pili, angalia alichorudi nacho. Yule aliondoka winga. Yanga wakamtumia winga, wakamtumia na beki wa kushoto. Umewahi kujaribu kucheza namba mbili tofauti kwenye timu inayodaiwa ubingwa kila mwaka? Sio mchezo. Winga anafikiria kwenda, beki anafikiria kurudi. Yanga ile ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi. Msimu uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei na Juni 2023: ilifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, kombe likapotea kwa sheria tu ya mabao ya ugenini. Timu ya Tanzania kufika fainali ya Afrika? Mara ya mwisho ilikuwa Simba, 1993. Farid alikuwa mmoja wa kikosi kile cha Yanga.

Sasa niambie, huyo ndiye aliyefeli?

Tatu, hata wanaong'aa Hispania hawang'ai muda mrefu kama tunavyodhani. Mchukue jirani yetu Michael Olunga wa Kenya. Msimu wa 2017/18 alikuwa Girona, Ligi Kuu ya Hispania yenyewe, kwa mkopo kutoka China. Januari 13, 2018 wakawa wanacheza na Las Palmas. Kaingia kutoka benchi, kapiga mabao matatu, mechi ikaisha 6-0. Ilikuwa “hat trick” ya kwanza ya Girona kwenye Ligi Kuu! Nairobi nzima haikulala. Msimu ulipoisha, je, alipewa ufalme? Hapana. Alihamia Japani, Kashiwa Reysol.

Mjapani katoka kwao kwenda Hispania, Mkenya katoka Hispania kwenda kwa Wajapani. Mpira ndivyo ulivyo.

Na kule Japani ndiko Olunga alikowaka kweli. Novemba 2019 akafunga mabao 8 kwenye mechi moja, 13-1 dhidi ya Kyoto Sanga. Wakapanda daraja la kwanza, na mwaka 2020 akafunga mabao 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Huyu huyu Olunga ndiye aliyetutia mawili Misri 2019, tukalala 3-2. Bado naumwa. Kwa hiyo je, kutoka Hispania ilikuwa kushuka? Kwa mtu wa kijiweni ndiyo. Kwa Olunga ilikuwa kupata mahali pa kucheza.

Neno lenyewe ndilo hilo: mahali pa kucheza. Mbwana Samatta wa Mbagala alilijua mapema. Mwaka 2011 hakwenda Ulaya, alikwenda Lubumbashi, TP Mazembe. Wapo waliomcheka, “Kongo?” Akakaa miaka mitano. Mwaka 2015 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mfungaji bora, Januari 2016 akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji. Novemba 2019 akaifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield. Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Ngazi moja moja. Hakuruka hata moja.

Turudi kwenye mkeka. Nilimwambia dogo na mama yake: tuichukue njia ya Farid, tuiweke pembeni ya hii barua. Tulinganishe kama mtu anavyolinganisha noti halali na ya bandia.

Mosi, umri. Dogo ana miaka 17. Sheria ya FIFA inasema mchezaji hahamishwi kutoka nchi kwenda nchi kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, mfano wazazi wamehama kwa mambo yao yasiyo ya mpira. Klabu za Hispania zinaijua sheria hiyo vizuri mno, maana Barcelona, Real Madrid na Atletico Madrid zote zilishawahi kufungiwa kusajili kwa kuivunja. Leo hii klabu ya Hispania ijitie kitanzi kwa ajili ya kijana iliyemwona kwenye video ya sekunde 40?

Pili, nani anaongea na nani. Farid alikuwa na klabu, klabu ikaongea na klabu. Mchezaji anayehama nchi anahitaji hati ya uhamisho ya kimataifa, ile wanayoiita ITC, na kwetu hapa inatoka TFF. Mambo yote yanapita kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA. Barua ya dogo haikutaja klabu ya hapa, haikutaja TFF, na ilitoka kwenye barua pepe ya bure kama yangu na yako.

Tatu, nani analipa. Hapa sikilizeni vizuri, wazazi. Kwenye mpira halisi pesa inatoka kwa klabu inayomtaka mchezaji, inakuja kwa waliomlea. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje, klabu zilizomfundisha tangu akiwa na miaka 12 zinadai fidia ya mafunzo. Akiuzwa, asilimia 5 ya pesa inagawanywa kwa klabu zilizomlea. Mzazi halipi “ada ya majaribio”. Wakala naye anakula kamisheni mkataba ukishasainiwa. Pesa ikianza kutembea kutoka kwa muuza vitumbua kwenda kwa mwenye simu mbili, hiyo sio biashara ya mpira. Hilo ni changa la macho.

Nne, leseni. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala, na mtu anafanya mtihani kabla ya kuipata. Majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA, yeyote anatafuta, hata kwa simu ya mkopo. Tulimtafuta jamaa wa miwani pale pale kwenye mkeka. Tulitafuta jina lake la kwanza, la pili, tukaligeuza. Hamna.

Tano, viza. Viza ya kutembea ya siku 90 sio kibali cha kazi. Ukiingia nayo zikaisha, wewe sio mchezaji tena, wewe ni mzamiaji. Na wakala wa aina hii akishakushusha uwanja wa ndege, simu zote mbili zinazima.

Mama mdogo alikaa kimya muda mrefu. Halafu akachukua simu yake ya kitochi, akampigia jamaa mwenyewe, akaweka sauti ya nje. Akamuuliza kwa upole kabisa, vile mama zetu wanavyouliza wakishajua jibu: “Baba, TFF wanayo hii habari?”

Jamaa akacheka kwanza. Kisha akasema hayo ni mambo ya ndani. Kisha akasema, “Mama, wewe unamharibia mtoto bahati yake.” Mama mdogo akamwambia, “Bahati ya mwanangu mbona inalipiwa kwa namba yako?” Simu ikakatika. Kesho yake haipatikani. Mpaka naandika haya, haipatikani.

Dalali karudi na futi kamba yake, kaambiwa asante baba, hatuuzi.

Sitaki kukudanganya kwamba dogo alinirukia kwa furaha. Alininunia wiki mbili. Akawa akinikuta njiani anaangalia nguzo za umeme. Na namwelewa. Ukiwa na miaka 17 na umeshawaaga rafiki zako, kuambiwa “subiri” ni sawa na kuambiwa “kufa”. Mpaka siku moja kanitumia ujumbe mfupi: “Kaka, Farid alisubiri miezi mingapi kibali?” Nikajibu. Akaandika tu, “Sawa.” Sasa anacheza timu ya shule na anapigania kuingia kikosi cha mkoa cha UMISSETA. Hapo ndipo wanapopita watu wa klabu wenye macho, bila kukuuliza kiwanja.

Lakini msomaji wangu, kazi haijaisha, kwa sababu wewe nawe una dogo wako. Kwa hiyo nakuachia haya machache, yakate uyabandike ukutani.

Dogo wako awe na klabu iliyosajiliwa, hata kama ni ya daraja la mkoa. Mchezaji asiye na klabu ni mzigo usio na anwani. Kadi ya usajili itunzwe, cheti cha kuzaliwa kiwe cha kweli, maana umri ukishadanganya mara moja unakufuata mpaka uwanja wa ndege. Asome. Kihispania, Kifaransa, Kiingereza, hata kimoja kinatosha kumwambia kocha “sijaelewa”. Na aijue kazi zaidi ya moja uwanjani, kama Farid alivyoijua.

Na sisi wa kijiweni tuache kuwakaanga wanaorudi. Zamani Sunday Manara “Kompyuta” alikwenda Uholanzi, Heracles, miaka ya 1970, wakati huo kwenda Ulaya kucheza mpira ni kama kwenda mwezini. Alirudi, na mpaka leo jina lake linatajwa kwa heshima. Nani alimwita aliyefeli? Tulimwita Kompyuta.

Aliyekwenda akajaribu, akavumilia timu B miaka, akarudi na mguu mzima na akili iliyokomaa, huyo mpe kiti na kahawa. Aliyekwenda kwa kuuza kiwanja cha mama halafu akaachwa kwenye kituo cha basi cha ugenini, huyo hata akirudi, anarudi wapi?

Haya, nimemaliza, msije mkasema nimegeuka mchungaji. Wiki ijayo nina jambo la mabwana wanaovaa suti za kukodi kwenye harusi za wenzao. Mnajijua!

Alamsiki.